Mama Anasema Hata Kamera Inaona Ukungu

Mshauri wangu, shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umetulia na kikombe chako mkononi, kwa sababu ni ndefu, na mimi nikianza kueleza jambo sina breki. Kwa kifupi kabla sijapotea njiani: nina kamera ya zamani ambayo lenzi yake imeota ukungu, ukungu huo umeniletea sifa ambazo sijawahi kuzipata maishani, na kwa sababu ya ukungu huo huo mama yangu amekataa kwenda kutibiwa macho. Nimekwama, na nyumbani siwezi kumweleza mtu, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Kazi yangu ni kupiga pasi kwenye duka la dobi. Chumba chetu kiko nyuma, kina dirisha moja kubwa linalotazama ua wa kuanikia, na asubuhi jua likishapanda juu ya ukuta linapita kwanza kwenye shuka zilizoanikwa, halafu ndipo linaingia kwetu, jeupe, laini, limepungua ukali, na mvuke wa pasi unapanda ndani yake taratibu bila haraka yoyote, na mimi husimama na shati la mtu mkononi nikiangalia tu, nikasahau kwamba ni shati na kwamba lina mwenyewe anayelisubiri, mpaka bosi akohoe. Nadhani hapo ndipo ugonjwa wa picha uliponiingia.

Kamera niliachiwa na mjomba aliyekuwa akipiga picha za harusi, alipohama alisema itamwongezea mizigo, na mama akaitunza juu ya kabati kwa miaka mingi ndani ya mfuko wa plastiki, ameifunga na sweta la sufu isije ikapata baridi. Nilipoitoa ilikuwa inanuka sweta. Nikaipangusa kwa nje, nikanunua betri, ikaamka, na picha ya kwanza niliyopiga ilikuwa ya shuka zetu pale uani, nikaitazama nikahisi kama nimeiona usingizini kabla ya kuiona kwa macho. Mwanga ulikuwa umemwagika nje ya mipaka yake na shuka zilikuwa zinaelea, hazionekani zimeshikwa na nini.

Sasa kuna kundi letu la simu, la watu wanaopenda kupiga picha na hawalipwi na mtu. Yupo Kinyozi, ambaye hupiga visogo vya wateja wake akishamaliza kuwanyoa, yupo Mwalimu wa hesabu anayepiga ngazi na milango, yupo Fundi anayetengeneza kamera na mwenyewe hapigi kabisa, na wengine wengi. Kila Jumapili jioni tunapeana neno, labda "mikono" au "kitu kinachongoja", kila mtu anaweka picha moja, na anayeitazama anatakiwa atoe sifa moja na ushauri mmoja, maana ukitoa sifa tupu unaambiwa unajipendekeza na ukitoa ushauri mtupu unaambiwa una roho mbaya. Hapo nimejifunza kutomkata mtu miguu kwenye vifundo, kusogea kwa miguu yangu badala ya kuvuta picha, na kusubiri mtu amalize kutabasamu ndipo nibonyeze, kwa sababu uso wake wenyewe hurudi baada ya hapo.

Jumapili ambayo neno lilikuwa "dirisha" nilimpiga mama. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha la sebuleni, sinia la mchele mapajani, anachambua, na nywele zake nyeupe zilikuwa zimeshika mwanga wote uliokuwamo humo ndani, ukuta umeyeyuka, pazia limeyeyuka, vidole vyake vimebaki juu ya mchele kama anayegusa maji. Niliiweka kwenye kundi nikaenda kuoga, niliporudi simu ilikuwa inatetemeka mezani. Kinyozi, ambaye hajawahi kutazama picha ya mtu bila kuitoa dosari, aliandika kwamba leo hana ushauri, amekaa tu anatazama. Wote wakauliza ukungu ule naupataje. Tangu siku hiyo wananiita Dada Ukungu, na mshauri, usinicheke, mimi ni mtu ambaye kazini huitwa "wewe wa mashati", nililipenda jina hilo mpaka nikalisema peke yangu mbele ya kioo.

Niliwajibu nilichoamini. Nilisema ni mvuke wa kazini, nadhani umeizoea kamera yangu, na asiye na pasi apumulie lenzi kidogo kabla ya kubonyeza. Basi kundi zima likaanza kupumua. Watu walikuwa wanapumulia lenzi barabarani, Mwalimu akaona pumzi yake inakauka upesi akapaka vaselini, ngazi zake zikatoka zote zinateleza. Mimi nikampa sifa moja na ushauri mmoja, nikamwambia apunguze.

Halafu Fundi akaniomba nimpelekee kamera aitazame, akasema anataka tu kujifunza. Aliifungua pale kwenye meza yake, akawasha kurunzi, akamulika ndani ya lenzi, akaniita nichungulie. Ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba, zimetambaa kutoka pembeni kuelekea katikati, zimejigawa na kujigawa tena, nzuri ajabu. Akaniambia kwa upole, "Dada, huu si ukungu wa asubuhi. Huu ni ukungu wa mkate." Alisema uliota kule juu ya kabati, ndani ya plastiki na sweta, kwamba unakula kioo polepole, na unaweza kuhamia kwenye lenzi nyingine zikikaa pamoja. Anaweza kuusafisha. Ila alisema ukweli, ukishatoka, picha zangu zitakuwa kama za watu wengine. Nilirudi nyumbani na kamera yangu kifuani kama mtu aliyeambiwa habari ya mgonjwa, na mpaka leo sijamjibu, wala kundi sijaliambia kitu.

Hilo peke yake ningelimeza. Tatizo ni mama.

Mama macho yake yamefifia, na tumeona wote. Zamani mchele aliouchambua yeye ungeweza kumlisha mtoto mchanga, siku hizi tunatafuna mawe na hakuna anayesema kitu mezani, tunayatoa mdomoni tu na kuyaweka pembeni ya sahani. Akimimina chai anatumbukiza ncha ya kidole kwenye kikombe ajue imefika wapi. Kaka yangu alimpeleka hospitali, daktari akasema ni mtoto wa jicho, anaondolewa, mtu analala kwake siku hiyo hiyo. Wakampa kadi ya kurudi. Mama aliikunja akasema atafikiria.

Ile Jumapili ya dirisha nilikuwa na furaha, nikamsomea mama yote waliyoandika, moja moja, nimekaa kwenye mkono wa kiti chake. Ukungu mtamu, ukungu wa ndotoni, ukungu huu nilale humo. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama wote wanauona huo ukungu. Nikasema wote, mama, hata Kinyozi. Akapapasa mfukoni, akatoa ile kadi ya hospitali, akanipa.

"Basi si macho yangu," alisema. "Hata kamera imeona. Au kamera nayo ina uzee?"

Kaka alipokuja, mama akamwambia hivyo hivyo, akaitisha picha yangu kama shahidi. Kaka akanitazama mimi, na mimi nikatazama pazia. Sasa kila nikileta picha mpya anaomba nimsomee watu wamesema nini juu ya ukungu, anatikisa kichwa kwa kuridhika, na anasema ni hewa tu imebadilika, dunia imezeeka, imepunguza mwanga ipumzike. Na akisema vile, mshauri, na jioni inaingia sebuleni, na yeye amekaa pale anang'aa, karibu namwamini. Siku moja nilimletea picha ya kuchapwa ambayo Kinyozi alinizawadia, kisogo cha mzee mmoja, nywele moja moja unaweza kuzihesabu, mama akaisogeza mpaka puani akacheka, akasema, "Huyu naye umeshamfundisha ukungu wako." Tukacheka wote wawili, nikaibandika ukutani.

Sasa naomba uniambie. Nikimpa Fundi aisafishe lenzi, picha zitatoka safi, labda mama ataona kwamba dunia haina ukungu na atakubali kwenda. Lakini nitarudi kuwa wewe wa mashati, na sijui kama naweza. Nisipoisafisha, lenzi inaliwa, na mama naye anazidi kufifia huku ananishukuru. Kuna siku nasimama na pasi nafikiria kwamba ningeweza kuacha kila kitu kama kilivyo, sisi wawili kwenye ule mwanga, tusimsumbue mtu. Nisaidie kabla sijazoea.

Ni mimi,
Dada Ukungu

*

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Kikombe nilikuwa nacho na chai imepoa nikikusoma, nimekusamehe, maana unaandika vizuri. Unaandika vizuri kiasi kwamba ulitaka kunibembeleza na mimi nilale humo ndani ya mwanga wako. Nimelazimika kuvua miwani, kuifuta, na kuanza barua upya.

Umeniuliza juu ya lenzi. Ukurasa baada ya ukurasa, lenzi, sifa, jina, kundi. Mama yako umemweka baada ya vaselini ya Mwalimu! Mtu anatafuna mawe kwenye wali na hasemi, kaka yako hasemi, wewe husemi, mnayapanga pembeni ya sahani kwa adabu. Hiyo adabu inamsaidia nani? Mngemwambia siku ya jiwe la kwanza, kwa utani na kwa upendo, asingehitaji kutafuta shahidi kwenye kamera.

Lakini sitakuchapa sana, kwa sababu hukumdanganya. Ulimsomea sifa ulizopewa, kama mtoto anayeleta daftari lenye vema nyumbani, na yeye akachukua alichokihitaji. Nikuambie ninachofikiri? Mama yako haamini kwamba hewa imebadilika. Mama yako anaogopa kuguswa jicho. Nani asiyeogopa? Alikuwa anatafuta kitu cha kujifunika, wewe ukamletea blanketi zuri, tena limesifiwa na watu.

Sasa sikiliza, kwa sababu jibu umeliandika mwenyewe ukalipita. Umesema Kinyozi alikupa picha ya kisogo, nywele moja moja zinahesabika. Umesema mama akaisogeza puani akasema na huyu umemfundisha ukungu. Halafu mkacheka. Mwanangu, mlicheka nini? Ile picha haina ukungu! Ukungu aliouona ulikuwa wa kwake. Wewe unayejifunza kusubiri mpaka tabasamu liishe ndipo uone uso wa mtu, siku ile ulibonyeza mapema.

Kwa hiyo hata ukisafisha lenzi leo, ukampigia dunia nzima ikatoka safi kama shati la bosi wako, yeye ataiona vile vile. Usijidanganye kwamba unajitoa mhanga kwa ajili yake. Hilo la lenzi ni lako, tutalifikia.

Fanya hivi. Ngoja asubuhi ambayo dirisha la sebuleni lina mwanga wa kutosha. Piga picha ya kiti chake, kitupu, kwa kamera yako. Bila kusogea, piga tena kwa simu ya kaka yako. Zichapishe zote mbili kwa ukubwa mmoja, karatasi ya aina moja. Kaa kwenye mkono wa kiti kama ulivyozoea, umpe zote mbili, na umwombe akuchagulie yenye ukungu. Umwambie kundi linataka moja tu.

Halafu nyamaza. Hapa ndipo najua utaharibu, kwa hiyo narudia, nyamaza. Atazisogeza karibu, atazipeleka mbali, atazigeuza kwenye mwanga. Usimsaidie. Usimwambie unaona, mama, tulikuambia. Kaka yako naye asiwepo, maana wanaume wana tabia ya kumalizia sentensi za mama zao. Mwache akae na picha mbili mkononi mpaka yeye mwenyewe aseme neno. Akisema zote zina ukungu, mwambie ukweli kwa sauti yako ya kawaida: moja haina. Mweleze na lenzi yako imeota nini, na kwamba iliota kwa sababu aliipenda akaifunga sweta. Anaweza kucheka, anaweza kulia, anaweza kukasirika akakurushia sinia. Vyote ni sawa.

Siku hiyo usimtolee kadi ya hospitali. Iache mezani anapoifikia. Na kabla ya hapo tafuta jirani au rafiki yake aliyeshafanyiwa macho, aje kunywa chai na kumwambia ilikuwaje, inauma kiasi gani, alilalaje. Mimi si daktari na wewe si daktari, na woga wa mama haupoi kwa kuelezwa na watoto. Unapoa akielezwa na mwenzake. Siku ya kwenda, wewe ndiye unayempeleka, wala si kaka. Omba ruhusa kazini mapema. Mashati yatasubiri, yamezoea.

Sasa hilo la kwako. Jumapili hii, kabla hujasoma picha ya mtu, liambie kundi kwamba ukungu wako ni wa mkate. Waambie waache kupumua, na Mwalimu afute lenzi yake. Watacheka, na wakimaliza watakutumia tena ushauri, maana watu wanaokaa Jumapili nzima wakibishana juu ya vifundo vya miguu hawamfukuzi mtu kwa habari tamu kama hiyo. Jina watakuachia, nina hakika. Unaogopa kurudi kuwa wewe wa mashati? Nani alisimama na shati mkononi akaona mwanga umepungua ukali baada ya kupita kwenye shuka? Kamera wakati huo ilikuwa bado iko juu ya kabati. Ulipenda mwanga kabla hujapata kuvu, mwanangu.

Na Fundi mjibu. Mwambie lenzi isubiri kwanza, na wewe uiweke mahali pakavu, mbali na lenzi za watu wengine. Mama akishapona ndipo uamue, tena umshirikishe, kwa sababu yeye ndiye aliyeufuga huo ukungu.

Umeniandikia kwamba kuna siku ungependa kuacha kila kitu kama kilivyo, nyinyi wawili kwenye mwanga ule. Nakuelewa kuliko unavyodhani, na mimi nimekuwa na mama. Lakini hamko wawili humo. Wewe unatoka kila jioni ukiweka kamera mezani. Yeye habanduki.

Kwa hiyo nenda. Na bandeji zikishatoka, msije mkaharakisha kurudi jikoni. Mkalishe kwenye kiti chake, mpe ile picha yake ya dirisha aishike kwa mikono miwili. Ataziona nywele zake zinang'aa, ukuta umeyeyuka, pazia limeyeyuka. Ataona ukungu, na safari hii utaishia kwenye kingo za karatasi, na nje ya karatasi kutakuwa na vidole vyake mwenyewe, kila mkunjo mahali pake, na nyuma yao uso wako. Hapo usipige picha. Mwache akutazame.